Mchezaji wetu akifeli nje, uliza kwanza alifika mwezi gani na wamempeleka mji gani

Kila dirisha dogo la usajili likifunguliwa picha ni ile ile. Kijana yuko uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, koti jepesi, begi mgongoni, wakala pembeni anatabasamu, mama na mashangazi nyuma yake, na chini watu wanaandika kila la heri mwanetu, kapeperushe bendera. Inapita miezi minne, kijana hachezi, hata benchi hayupo, na watu wale wale wanaandika wachezaji wetu hawana nidhamu, wavivu, wamezoea kubebwa na mashabiki, bora angebaki ligi yetu. Mimi hizi kauli zinaniuma sana, maana naishi Sweden, sio mchezaji wala wakala, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo tu, lakini hawa vijana wanaoletwa kucheza madaraja ya chini huku ndo tunaokutana nao stendi ya basi wamejikunyata, unamsikia anaongea Kiswahili kwenye simu unamsogelea, na kuanzia hapo unakuwa kaka yake mtake msitake.

Nitaongelea mmoja, jina simtaji, tumuite dogo. Ni mtoto wa Tanga, winga, ana mbio balaa. Aliletwa mwezi wa kwanza kwenye mji mdogo, kutoka Göteborg unapanda treni karibu masaa mawili. Wakala alimwambia Ulaya kuna baridi, nunua koti. Basi, semina ya hali ya hewa iliishia hapo.

Sasa kwanza watu waelewe kitu kimoja kuhusu ligi za huku. Sweden, Norway na Finland msimu hauanzi mwezi wa nane kama Uingereza. Unaanza mwezi wa tatu mwishoni au wa nne na kuisha mwezi wa kumi na moja, kwa sababu katikati hapo ni barafu. Kwa iyo anayesajiliwa dirisha la mwezi wa kwanza anafika kipindi ambacho hakuna ligi kabisa, kuna maandalizi ya msimu tu, wiki na wiki za kukimbia na mechi za kirafiki kwenye nyasi bandia, gizani, chini ya taa. Kijana katoka kucheza ligi kila wiki na mashabiki wanapiga vuvuzela, anafika anaambiwa mechi ya kwanza ya maana ni baada ya miezi mitatu. Na hiyo miezi mitatu ndo kocha anaamua nani anamtegemea. Yani unafanyiwa mtihani katika wiki mbaya kuliko zote za maisha yako.

Siku moja nilienda kumuona mazoezini, ilikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri, na kwa wenyeji hiyo ni siku ya kawaida kabisa. Wenzake wanapasha misuli wanacheka. Dogo ana suruali ya ndani ya kubana, soksi mbili ndani ya njumu ya saizi yake ya kawaida, kwa iyo njumu inambana, damu haifiki vizuri kwenye vidole, na miguu ndo inaganda zaidi. Alipotoka akakimbilia bomba la maji ya moto akaweka miguu humo. Nikamuwahi kumtoa, maana mguu ulioganda ukiutia kwenye maji ya moto ghafla unavimba na kuwasha, unapata vidonda vyekundu kwenye vidole, huku kila mtu anajua hilo toka utotoni lakini yeye nani angemwambia? Tukanunua soksi moja ya sufu nyembamba na njumu kubwa nusu saizi. Kitu cha hela ndogo. Lakini wiki mbili kabla ya hapo alikuwa anagusa mpira kama anagusa tofali, na kocha kwenye daftari lake keshaandika mguso wa kwanza mbovu.

Misuli ikiwa ya baridi inapoteza nguvu na kasi, hilo sio suala la moyo wala uzalendo, ni mwili unavyofanya kazi. Winga anayeishi kwa kuchomoka hatua tano za kwanza ndo anaumia zaidi ya beki wa kati. Alafu hewa ya baridi ni kavu, ukiivuta kwa nguvu kifua kinawaka na unakohoa usiku mzima. Na tofauti na joto, baridi mwili hauizoei kwa kiasi kikubwa hivyo. Ukienda sehemu ya joto ukafanya mazoezi kila siku, ndani ya wiki moja mpaka mbili mwili unabadilika wenyewe, unaanza kutoa jasho mapema, jasho linakuwa na chumvi kidogo, maji kwenye damu yanaongezeka, mapigo ya moyo yanashuka. Kwenye baridi kinachokuokoa ni maarifa, uvae nini, upashe misuli muda gani, ukae benchi na blanketi. Ndo maana mtu wa kukuelekeza ana thamani kuliko koti la gharama.

Giza nalo ni habari nyingine kabisa. Mwezi wa kumi na mbili Göteborg jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na saa tisa na nusu mchana limeshazama, na hapo ni kusini, huko juu Tromsø Norway ambako pia kuna timu ya ligi kuu, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mpaka katikati ya mwezi wa kwanza jua halichomozi kabisa. Mtu wa pwani aliyezoea saa kumi na mbili inaingia saa kumi na mbili inatoka, mwaka mzima, mwili wake haujui ufanye nini. Unalala mchana, usiku macho makavu. Na kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu hivi jua la huku liko chini mno, ngozi haiwezi kutengeneza vitamini D, na ngozi yetu nyeusi inahitaji jua jingi zaidi kuliko ya kwao, kwa iyo ukikaa bila vidonge mifupa na misuli vinalalamika na unajisikia umechoka tu bila sababu. Timu kubwa wanapima damu kila mara, timu ndogo inategemea na bahati yako. Dogo alikuwa anaambiwa mvivu wakati hajaona jua wiki tatu.

Lakini nikisema ukweli wangu, baridi na giza havikummaliza. Kilichotaka kummaliza ni saa saba mchana.

Mazoezi yanaisha saa sita na nusu. Wanakula pamoja pale klabuni, viazi na nyama ya kusaga, siku nyingine nyama ni ya nguruwe, dogo anakula viazi tu. Saa saba kila mtu anaingia kwenye gari lake anaenda kwa mkewe, au chuoni, au kazini maana madaraja ya chini wengi wana kazi nyingine. Dogo anapanda basi kwenda kwenye fleti waliyompa, nje ya mji, chumba kimoja na jiko, basi linapita mara moja kwa saa na jioni linakoma mapema. Kuanzia saa saba mpaka kesho yake asubuhi hana mtu wa kuongea naye. Nyumbani mchezaji hawezi kuwa peke yake hata akitaka, kambini mko wawili watatu chumba kimoja, ukitoka unapita kijiweni, kinyozi anakujua, mama ntilie anakuwekea kipande kikubwa cha samaki kwa sababu jumapili ulifunga. Huku jirani yake wa mlango wa pili alikuwa anasikilizia kwanza kwenye korido kama kuna mtu ndo atoke, sio ubaguzi, ndo walivyo hata wao kwa wao, lakini mtoto wa Tanga atajuaje? Yeye anajua amechukiwa.

Akawa anaishi kwenye simu. Saa za Tanga zipo mbele masaa mawili, anaongea na washkaji mpaka wanaenda kulala, anabaki anaangalia klipu zake mwenyewe za zamani. Nilikuta kwenye sinki sufuria moja, sahani moja, kijiko kimoja. Ulipofika mfungo wa Ramadhani, mwezi wa tatu, akawa anafuturu mkate na tende peke yake kitandani. Mtu ambaye maisha yake yote futari ni mkeka mzima, watoto wanagombea kachori. Aliniambia kaka, njaa ya kutwa haina shida, shida ni adhana ya kwenye simu.

Nikampeleka kwa kinyozi. Naona wengine mtashangaa, lakini hili la kinyozi ni kubwa, kwenye miji midogo ya Ulaya kumpata mtu anayejua kunyoa nywele zetu ni safari, na mchezaji asiyenyolewa vizuri anajisikia mchafu mbele za wenzake. Kinyozi mwenyewe ni Msomali aliyekulia Eastleigh Nairobi, Kiswahili kinatoka kama maji, pale dukani kwake wanakaa vijana wa kila aina. Kupitia yeye akajua msikiti uko wapi, uko chini ya jengo kama stoo huwezi kuuona toka barabarani, futari ya pamoja kila siku. Na kupitia mimi akamjua mama mmoja wa Bukavu, maana huku Sweden wako Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi na Kiswahili chao kitamu kile cha Kivu, huyo mama alivyomuona tu akasema huyu mutoto anakonda, na toka siku hiyo kila ijumaa kuna kontena la sombe, yani kisamvu, na ugali. Mwezi wa tano dogo akaanza kikosi cha kwanza. Hali ya hewa ilikuwa imeshakuwa nzuri, sikatai, lakini mimi niliyeona kwa macho nasema kinyozi na yule mama wamechangia kuliko jua.

Ukiangalia wachezaji wetu waliofanikiwa kweli kweli utaona njia zao zilipita kwenye miji ya aina gani. Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu, watu wanakumbuka Genk ya Ubelgiji na Aston Villa ya Uingereza wanasahau Lubumbashi ya Kongo. Alitoka Simba 2011 akaenda TP Mazembe, mji ambao sokoni wanaongea Kiswahili, msosi ni ugali, tofauti ni kwamba uko juu kama mita 1,200 na mwezi wa sita wa saba usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Yani alipata ngazi. Akajifunza kuwa mbali na nyumbani, klabu yenye pesa na nidhamu, presha ya ubingwa wa Afrika, bila kupoteza lugha. Alipotua Ubelgiji Januari 2016 alikuwa na miaka 23, bingwa wa Afrika wa 2015, mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Na Genk yenyewe sio Brussels, ni mji wa watu kama elfu 60 na kitu, zamani wa migodi ya makaa ya mawe, umejaa familia za Kiitaliano, Kituruki na Kimorocco waliokuja kuchimba, kwa iyo nyama ya halali ipo, misikiti ipo, mgeni sio kioja. Alikaa miaka minne, msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi na wakachukua ubingwa.

Alafu angalia Villa. Alisajiliwa Januari 2020, tarehe 1 Machi kafunga Wembley fainali ya kombe la Carabao dhidi ya Manchester City, tarehe 13 Machi ligi ikasimama kwa korona na siku kumi baadae Uingereza nzima ikafungiwa ndani. Mgeni wa wiki nane Birmingham, hajajua hata duka liko wapi, anafungiwa ndani ya nyumba mpaka ligi iliporudi Juni. Septemba yuko Istanbul na Fenerbahçe. Watu wanamalizia Samatta hakuiweza Premier League kama vile alipewa muda wa kuishi pale. Mimi hiyo siiti kufeli na sitaiita.

Michael Olunga, mshambuliaji wa Kenya, nae nampenda kwa sababu kapita karibu kila aina ya hali ya hewa iliyopo duniani. Katoka Gor Mahia 2016 kwenda Djurgården ya Stockholm, hakuanza kwa kishindo lakini alimaliza msimu na mabao 12 ya ligi. Akaenda Guizhou China, akaenda Girona ya Hispania kwa mkopo na kupiga hat-trick, mabao matatu mechi moja, dhidi ya Las Palmas, akaenda Kashiwa Reysol, mji wa karibu na Tokyo ambako kiangazi chake ni joto la unyevu ule wa Dar wa mwezi wa pili, shati linagandia mgongoni ukiwa umesimama tu. Pale ndo alifunga mabao 8 kwenye mechi moja 2019, na 2020 akawa mfungaji bora kwa mabao 28 na mchezaji bora wa ligi ya Japan. Kisha Doha na Al-Duhail, msimu wa 2021/22 mfungaji bora tena kwa mabao 24. Na Doha kuna Wakenya kibao, walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, ukitoka nje unasalimiwa "sasa" kama uko mtaa wa Tom Mboya Nairobi. Joto la nyuzi 40 na ushee wakati wa kiangazi, mazoezi usiku, lakini mji una watu wako.

Kuna jambo moja kuhusu joto watu wengi hawalijui na nadhani hata viongozi wetu wa soka wengine hawalijui. Kuzaliwa Dar hakukuachii uwezo wa joto milele. Yale mabadiliko ya mwili niliyosema, yanayokuja kwa wiki mbili, yanapotea kwa karibu mwezi mmoja ukikaa kwenye baridi. Kwa iyo mchezaji wa Ulaya akiitwa AFCON mwezi wa kwanza, kama ile ya Ivory Coast 2024, anatoka kwenye theluji anaingia San Pedro kwenye unyevu, anachoka dakika ya 60, na sisi tunasema anaringa, anaogopa kuumia, anatunza miguu ya wazungu. Hapana jamani. Mwili wake kwa wakati huo ni wa Mbelgiji. Apewe siku, aletwe mapema, sio atue jumatano acheze jumamosi.

Na hii ipo hivyo hivyo kwa wanaokuja kwetu. Mtu katoka Brazil ya kusini au Afrika Kusini ya nyanda za juu anashushwa Dar mwezi wa kwanza, foleni masaa mawili kwenda mazoezini Bunju au kuvuka Kigamboni, unyevu unamkaba, na mechi ya pili tu keshaitwa galasa. Hata Clatous Chama, Mzambia, fundi kabisa, alitoka Simba 2021 akaenda Berkane, mji mdogo wa machungwa huko mashariki ya Morocco, nusu msimu tu karudi Simba. Mpira haukumtoka ndani ya miezi sita. Wakati Simon Msuva, Mtanzania mwenzetu, Morocco hiyo hiyo alikaa freshi, lakini yeye alianzia El Jadida, mji wa bahari, baridi yake ya kawaida tu, alafu ndo akapanda Wydad ya Casablanca.

Kwa iyo wazazi na vijana wanaonitumia ujumbe kuuliza dili fulani likoje, mimi mshahara nauliza mwisho. Nauliza ligi inaanza lini na wewe unafika lini. Fleti iko umbali gani na uwanja, na basi la mwisho ni saa ngapi. Klabu inalipia darasa la lugha au la, maana kwenye chumba cha kubadilishia nguo utani wote uko kwa lugha yao na asiyecheka anaonekana ana kiburi. Inalipia leseni ya udereva? Kuna mchezaji mwingine Mwafrika pale, amekaa muda gani? Damu wanapima lini? Nani atakaa na wewe wiki ya kwanza, jina lake na namba yake. Wakala akikasirika kwa maswali haya mimi huwa nasema achana nae, kwa sababu wakala wa dogo aliwahi kuulizwa haya haya kwa simu akasema kijana akazane na mpira mambo mengine yatakuja, na hakupokea simu tena mpaka ulipofika muda wa kuongeza mkataba.

Dogo hakuongeza. Alipata timu Oman, nje kidogo ya Muscat, na mwanzoni nilimuogopea maana lile joto sio mchezo, mwezi wa tisa anafika bado linachoma, mazoezi ni baada ya isha. Lakini timu ikampangia chumba kwenye nyumba ya mzee mmoja ambaye wazazi wake waliishi Zanzibar kabla ya kurudi, bibi wa nyumba anamuamkia kwa Kiswahili na anampikia mkate wa kumimina, vijana wa mtaa wanamchukua kwenda kula mishkaki ufukweni usiku. Wiki ya kwanza alitapika mazoezini. Wiki ya tatu alicheza dakika 90. Msimu uliopita alikuwa hakosi kikosini na sauti yake kwenye simu ni ya mtu mwingine kabisa.

Juzi kanipigia, kuna wakala mwingine kamletea dili la Finland, pesa nzuri kuliko Oman, wanamtaka mwezi wa kwanza. Nimemwambia awaombe mwezi wa saba, ligi ikiwa katikati na jua liko juu, wakisema haiwezekani basi wampe fleti inayotembeleka kwa mguu hadi uwanjani na wamlipie tiketi ya mdogo wake akae nae miezi mitatu ya mwanzo, na hayo yote yaandikwe kwenye mkataba. Kasema atawapigia kesho.